Mikono Mgongoni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya wazee pale Lidcombe, huku ughaibuni tulikohamishiwa, nilimfunga mzee mmoja vifungo vya shati haraka haraka, nikasimama kungoja sifa. Sista wa zamu, yaani nesi anayetuongoza sote, alikuwa Mkenya. Akanivuta pembeni.

"Mama, umemvalisha vizuri. Sasa niambie, anaweza kujifunga mwenyewe?"

"Sijui, Sista."

"Utajuaje na mikono yako iko kila mahali? Iweke mgongoni, ungoje. Halafu andika ulichoona, si ulichotaka kuona. Haya, mfungue aanze upya."

Mzee wa watu akaanza upya. Alichukua muda, na kifungo kimoja kikapotea njia, lakini alifunga.

Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Nilianza wodi ya kawaida, kisha nikapelekwa kitengo cha dimensia, ugonjwa wa kusahau, ambako mlango unafunguliwa kwa namba ili wakazi wasitoke wakapotea. Shule yangu iliishia darasa la sita, kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa hiyo ripoti zangu zilikuwa fupi. Sista alizipenda. "Wewe huna Kiingereza cha kudanganyia," alinitania.

Ninyi mnaoianza kazi hii leo, nawaandikia kwa sababu niliiweza kwa wageni, nikaikosea kwa mume wangu.

Baba Joyeuse alianza kusahau nikiwa karibu kustaafu. Siku moja alimenya mihogo, akatupa mihogo, akapika maganda. Alicheka kuliko mimi. Binti yetu Joyeuse hakucheka. Aliniambia, kwa kile Kiingereza chake cha haraka, kwamba baba sasa anahitaji mahali kama pale nilipofanya kazi. Nikamjibu kwamba baba yake hatawekwa nyuma ya mlango wa namba. Lazima niseme haki: baba za watu wengine niliwafungia mlango huo kila siku.

Huku, kabla ya mtu kupata nafasi katika nyumba ya wazee, mpimaji wa serikali huja nyumbani kumwuliza maswali. Ndipo nilipokosea. Kambini, kabla ya mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine, familia zilifanya mazoezi: tulikimbia lini, tulivuka mto gani, watoto walizaliwa kwa mpangilio upi. Aliyekosea aliachwa nyuma. Basi nami nikamfundisha mume wangu siku tatu, mezani kwetu Guildford, juu ya ugali.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Mwezi?"

"Wa nane. Nikijibu vyote, safari hii wanatupeleka wapi?"

"Hatuendi popote."

"Basi tunasomea nini, Mama Joyeuse?"

Mpimaji alikuja, mama mpole. Mume wangu alimpokea akiwa amevaa tai. Alipokwama alinitazama, nami nikajibu kabla yake, kama vile naongeza tu maneno. Mpimaji akaandika kwamba anaweza kuendelea kukaa nyumbani kwa msaada kidogo. Simlaumu. Aliandika alichoonyeshwa.

Wiki chache baadaye, nikianika nguo nyuma ya nyumba, mume wangu alitoka. Stesheni ya Lidcombe walinipigia simu. Namba yangu nilikuwa nimeishonea ndani ya koti lake. Walimkuta amekaa ukingoni mwa jukwaa, miguu inaning'inia juu ya reli. Mama mmoja mfanyakazi alimrudisha kwenye benchi kwa maneno matamu, akamshika mkono mpaka nikafika. Sikumwuliza jina. Hilo pia linanisumbua.

Nilimpigia Sista.

"Sista, yale majibu nilimfundisha."

"Kama intavyuu ya kambini?"

"Kama intavyuu."

"Wewe mama! Basi wapigie wapimaji, uwaambie hivyo hivyo. Na siku wakirudi, mikono unajua inakaa wapi."

Niliwaambia. Akarudi mpimaji yule yule, wala hakunisema. Nilisimama karibu na sinki, mikono mgongoni, nimejishika kiganja.

"Leo ni siku gani?" akauliza.

Mume wangu akanitazama. Nikanyamaza.

"Mama Joyeuse, lile jibu limenipotea. Sema."

Nikanyamaza.

"Sema basi! Watatuacha hapa."

Katika miaka yote kumi na minne, sijawahi kuona kazi ngumu kama kusimama pale.

Sasa anakaa nyumba ya wazee, si ile yangu, ila mlango ni wa namba vilevile. Nakwenda kila siku baada ya chai. Joyeuse anasema nilichelewa. Rafiki zangu wa kanisani wanasema niliwahi mno. Kila upande una haki yake, na mimi hubadilika kati yao asubuhi na jioni.

Jana mfanyakazi mgeni, binti mwenye haraka kama mimi enzi zile, alishika shati la mume wangu amfunge vifungo. Nikamwomba angoje. Tukangoja wote wawili. Alipomaliza, mume wangu aliinua uso.

"Tumepita?"

"Tumepita," nikamwambia.

Nilipofika nyumbani nikafungua daftari, nikaandika: Vifungo sita. Amefunga vitano mwenyewe. Ameuliza kama tumepita, nikajibu ndiyo. Sijui.