Gari la Mkate Kwenye Malka

Nilimtukana kaka yangu mkubwa siku mbili mfululizo, nikiwa peke yangu ndani ya gari la mkate, na mpaka leo sijaona tusi la kurudisha isipokuwa moja.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mama yetu alifariki Jumatatu kijijini kwetu, juu kidogo ya Garsen, akazikwa siku hiyohiyo. Mimi nilifika Alhamisi. Kaka, badala ya kuniletea simu Mombasa, alimpa habari dereva wa lori, na dereva akatulia Malindi kwa shughuli zake kabla ya kukumbuka kwamba amebeba msiba wa mtu. Nilipomuuliza kaka kwa nini hakunisubiri, alisema maiti si mzigo wa kungoja gari. Alisema hivyo mbele ya watu, akinywa chai, tena bilauri ameishika kwa mkono wa kushoto kama mtu asiyefunzwa adabu. Najua dini yetu inataka maiti awahishwe. Lakini iko namna ya kumwambia mtu jambo hilo, na ile haikuwa namna.

Nyumba ya matanga ilijaa. Kila niliposogea mtu alinishika mkono akaniambia pole, na kila pole ilinikumbusha kwamba wote walikuwapo na mimi sikuwapo. Nilitaka kulia, lakini si mbele ya kaka. Gari langu lilikuwa kuukuu, lililosambaza mkate Mombasa mpaka likachoka, ndipo nikaliweza bei. Mahali pa rafu za mikate nilitia kitanda cha mbao, stovu na debe la maji, maana kazi yangu ya kuuza vitambaa ilinilaza njiani mara nyingi. Nikaliwasha nikaondoka bila kuaga. Nilitaka mahali pa bure, pa kimya, tena pa karibu, kwa sababu petroli niliyobaki nayo ilinitosha kurudi Mombasa tu.

Pale Garsen mwenye duka mmoja alinionyesha uwanja nyuma ya duka lake, akataka kodi, kisha akavuta kiti tuongee. Nikamwacha na kiti chake. Upande wa kijiji cha Hewani nilipata kivuli kizuri kando ya msitu, lakini mpunga ulikuwa umekomaa, na juu ya kila dungu alikaa mlinzi akipiga debe na kuwapigia kelele ndege na nyani. Mmoja alinipungia mkono. Nikahama nimewakasirikia ndege, nyani na yule aliyenipungia.

Jioni nikapata mahali penyewe. Uwazi mpana uliteremka taratibu hadi mtoni, bila shamba, bila kibanda, bila hata kisiki. Mashamba yaliishia kulia yakaanza tena kushoto, na katikati palikuwa peupe. Nikasema Mungu ameniwekea. Mtu aliyezaliwa Tana alipaswa kujiuliza kwa nini ukingo mzuri namna ile haukulimwa. Mtoto wa miaka mitano kwetu anajua. Ile ilikuwa malka, njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji, iliyokubaliwa tangu zamani kati yetu wakulima na wafugaji wa Kiorma. Hailimwi, hailaliwi, haizibwi. Mama alinifundisha hilo kabla sijajua kuogelea. Kwa hasira zangu nikaegesha katikati kabisa, karibu na maji.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Nilikaa kitandani nikingoja machozi kama mtu anayengoja chafya. Hayakuja. Yalikuja matusi, nami nikayatoa kwa sauti. Lile la mkono wa kushoto nililirudia zaidi ya yote.

Siku ya pili, jua la utosini, niliona vumbi. Ng'ombe mamia, wamekwisha nusa maji, na wanaume wanne mbele yao wakiwazuia kwa fimbo. Mmoja, mwenye ndevu za hina, akaja mlangoni pangu.

"Toa gari," alisema. "Hapa iko malka. Ng'ombe siku mbili hapana kunywa."

Nilimwambia ardhi ni ya Mungu. Nilijua nasema upuuzi, ndiyo maana nikapaza sauti. Kisha nikawasha gari, aone kwamba naondoka kwa hiari yangu, na magurudumu yakajichimbia mchangani. Ng'ombe mmoja akaponyoka, akavunja taa ya mbele kwa pembe.

Yule mtu alitazama kitanda na stovu. "Wewe lala peke yako? Hapana watu yako?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba ninao. Nikamtajia kijiji, nikamtajia mama aliyekufa Jumatatu, kana kwamba msiba ni ruhusa ya kuziba maji ya watu.

Akateremsha fimbo. "Mama ile najua. Watu nataka lima hapa, yeye nakuja na jembe, nakataza. Jumatatu mimi nashika jeneza yake."

Nilimchukia. Mtu wa kupita na ng'ombe alikuwa amembeba mama yangu, na mimi sikumbeba. Wawili wakabaki kuzuia mifugo, wawili wakasukuma gari, mimi nikifukua mchanga kwa sufuria mpaka likatoka. Kabla sijalifikisha pembeni ng'ombe wakatupita pande zote wakaingia majini, na kwa mlio wao na mbinja za wachungaji huwezi kusikia hata sauti yako. Nikafunga mlango. Ndipo nikalia, nikimwita mama kwa nguvu zangu zote, na hakuna aliyenisikia.

Nilipotoka, mwenye hina alikuwa akinawa uso. Nikamuuliza kama mama alikuwa mzito.

"Hapana. Lakini kaburi iko mbali. Watu nabadilisha bega, kaka yako nakataa. Watu nasema toa, pumzika, yeye nakataa mpaka kaburini. Sasa mkono yake ya kulia hapana kupanda."

Kaka, kwa yale maneno yake ya maiti na gari, sijamsamehe mpaka leo. Lakini siku ile niligeuza gari kuelekea kijijini, na petroli ya Mombasa ikaishia huko. Kaka alikuwa barazani. Nikaketi kuliani kwake, nikammiminia chai, nikamshikia bilauri mpaka akamaliza.