Nyamanza Mbele ya Gari

Nilipokuwa bado mtoto wa kukaa kiti cha nyuma, kwa bibi yangu kule Nzahaha hakuna aliyethubutu kumfukuza nyamanza. Ni kindege cheusi na cheupe, hutikisa mkia muda wote na hutembea uani kama mwenye nyumba. Bibi, mzaa mama, ambaye sisi watoto tulimwita Koko, alisema nyamanza ndiye mlinzi wa boma. Akikukatia njia unapoanza safari, msubiri aondoke mwenyewe; ukimfukuza, umefukuza baraka zako.

Asubuhi ya harusi ya mama mdogo, baba alikuja na gari lake kuukuu atupeleke Bugarama. Bibi alikaa nyuma, katikati yangu na dada yangu. Tulikuwa tumechelewa, na baba akichelewa huendesha kama mtu anayekimbizwa. Ameshawasha gari, mkono uko kwenye honi, nyamanza akatua mbele yetu.

"Usimupigie honi," Bibi akasema. "Aende yeye mwenyewe."

"Maman, bantu banatungoja."

"Batangoja. Harusi haiendi bila mama ya bibi-arusi."

Mkwe ni mkwe. Baba akazima gari, akakunja mikono. Yule ndege hakuwa na habari na harusi ya mtu: alidonoa hapa, akatikisa mkia pale, akarudi tena. Sisi tulibana vicheko. Mwishowe baba mwenyewe alicheka, na nyamanza alipoondoka, nasi tukaondoka taratibu.

Kwenye mteremko wa kushukia Bugarama, pale mashamba ya mpunga yanapoanza kuonekana chini, nilimwona baba akikanyaga breki, kisha akikanyaga tena na tena. Gari halikupunguza mwendo, liliongeza. Kushoto kwetu kulikuwa na bonde tupu. Niliogopa mpaka nikashindwa kulia.

"Batoto, mushike Koko yenu," alisema, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi mezani. "Maman, tutasimama hapa kidogo."

Akarudisha gia ya pili, injini ikanguruma. Akarudisha ya kwanza, ikapiga kelele. Huku akivuta breki ya mkono kidogo kidogo, aliliegemeza gari upande wa mlima. Magurudumu yakaingia mferejini, bati likakwaruza udongo, tukasimama.

Bibi akakohoa vumbi. "Nilikuambia. Nyamanza."

Baba, jasho likimtiririka, akajibu, "Ni kweli, Maman." Basi. Tulifika harusini kwa pikipiki, Bibi akitangulia.

Kwa miaka mingi niliona ni uonevu: mikono ni ya baba, sifa amepewa ndege. Nilipopata leseni yangu nikamwuliza baba kwa nini alikubali.

"Ile siku nilitoka na hasira ya kuchelewa," aliniambia. "Ningeshuka na vitesse ya ine, ile gia ya mbio, hakuna mukono ingetusaidia. Ile ndege njo ilinipunguzia ile haraka."

Namheshimu baba kwa gia zile. Namheshimu zaidi kwa "Ni kweli, Maman" yake, maana mwanamume aliyetoka tu kuokoa roho nne angeweza kudai shukrani zote. Sasa amezeeka, na mimi ndiye dereva wake. Kila tukitaka kuondoka hukaa kwanza bila kuwasha gari, kiasi cha ndege kuvuka ua. Baba, hapo pembeni yangu, hajanihimiza hata siku moja.