Dawa ya Sakafu Katika Mguu Wangu

Kabla ya jeraha nilikuwa na miguu mizima. Asubuhi nachota maji kisimani, mchana nadarizi kofia. Tulikuwa tumetoka Unguja baada ya mwaka sitini na nne, tukapata nyumba Sidab, huko Uarabuni, mimi na mume wangu Nassor. Kiarabu cha pale kilinipa taabu, basi nikashikamana na wenzangu wa Kiswahili, na zaidi Zuwena, binti wa shangazi yangu. Alikuwa akifanya kazi hospitalini Unguja. Sote tulimwita nesi, naye akiitika.

Siku moja debe la maji liliniponyoka. Ukingo wake ulikuwa mkali, ukanichana muundi wa mguu mpaka nikaona kitu cheupe ndani. Jirani yetu, Bi Shamsa, mzaliwa wa pale, alinionyesha kwa ishara kuwa nichemshe maji, yapoe, nioshe. Kisha akataja na chuma cha moto cha kuchomea kidonda. Kusikia moto nikacheka. Nilijiona mtu wa dawa za hospitali, nikamwita Zuwena.

Alikuja na chupa isiyo na karatasi ya jina. Dawa ilikuwa ya hudhurungi, inanuka kama lami. Akaimimina ndani ya jeraha bila kuichanganya na kitu. Niling'ata kanga nisipige kelele.

"Ikiunguza ndiyo inafanya kazi," akasema. "Kaza roho, mwanamke we. Ukizaa utafanyaje?"

Tulicheka sote wawili. Akawa anakuja kila siku. Nyama ikageuka nyeupe kama iliyochemshwa, kisha kingo zikawa nyeusi. Usaha ukaanza. Wekundu ukapanda hadi gotini, homa ikanishika, na harufu ikawa mbaya hata Nassor akila chakula chake nje. Kila nilipouliza, Zuwena aliniambia uchafu unatoka, akaongeza dawa.

Aliyeleta punda ni Bi Shamsa, yule niliyemcheka. Nikapandishwa, tukaenda hospitali ya Matrah, na Nassor akaichukua ile chupa. Daktari aliinusa, akatia tone kwenye bakuli la maji. Maji yakawa meupe kama maziwa. Akasema na Nassor kwa Kiarabu, na Nassor akanifasiria.

"Anasema hii ni ya kusafishia sakafu na vyoo. Imekuunguza nyama. Na mguu, hajui kama utabaki."

Walikata nyama iliyokufa, wakanichoma sindano za kuua vijidudu, wakaosha kidonda kila siku kwa maji safi ya chumvi. Hayakuunguza. Mimi nililia kwa sababu hayakuunguza. Polepole nyama nyekundu ikaota, na mguu ukabaki.

Niliporudi nyumbani Zuwena alikuja na halua. Nikamuuliza kama aliijua ile dawa.

"Naijua. Nimepiga deki kwayo miaka yangu yote kule," akasema. "Huku mliniita nesi. Ningesemaje tena?"

Nilipouona mguu unaoza, yeye alikuwa ameuona kabla yangu. Na bado alimimina. Hilo ndilo lisilopona. Halua sikuila.

Nawe unayesoma, usikate tamaa na kidonda chako. Kioshe kwa maji yaliyochemka yakapoa, na sabuni kwenye ngozi ya pembeni yake tu. Ukitumia dawa ya kuua vijidudu, iwe ya vidonda, na ichanganywe kwa kipimo chake. Spiriti na ayodini kali usimimine ndani. Maumivu hayathibitishi kuwa dawa ni nzuri. Wekundu ukisambaa, au homa ikija, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Namshukuru Mungu, na daktari, na Bi Shamsa aliyenisamehe kicheko changu. Zuwena namsalimia, ni damu yangu. Lakini sasa kila anayenijia na chupa, hata awe ndugu, namuuliza ni dawa ya nini, na nangoja anijibu ndipo ninyooshe mguu.