Pini ya Gurudumu la Kulia

Chuma kikioshwa kwa mafuta ya taa hutoa harufu ya namna yake, nyembamba na ya baridi. Juzi niliikuta katika gereji moja nilikopita kuulizia tairi, na kabla sijamaliza kumsalimia fundi nikawa tena na miaka tisa, nimechuchumaa uani kwetu Busia, upande wa Uganda, nikitazama miguu ya baba ikichomoza chini ya gari jekundu.

Niwaeleze kwanza gari lenyewe. Lilikuwa la viti viwili, wazi juu, limeinamia barabara kama mtu anayetafuta sindano. Mhandisi mmoja Mzungu wa Tororo alimwachia baba aliporudi kwao, muda mfupi baada ya uhuru, nalo lilikuwa kuukuu tayari. Lilikimbia vizuri, ila zile fito mbili za chuma zinazounganisha usukani na magurudumu ya mbele, ambazo mafundi huziita tairodi, zilikuwa nyembamba na zimechoka. Kwenye barabara yetu ya murami, ile changarawe nyekundu, lilitikisa kichwa huku na huku, na mama alikataa katakata kulipanda.

"Hiyo gari iko na kichwa ya mbuzi," alisema. "Siku itaacha kukataa-kataa, mimi naingia."

Kisha mama akaugua. Ijumaa moja lori la pamba lilimpeleka hospitali Tororo, amekaa mbele na dereva, kanga imekazwa tumboni. Baba alishika mlango wa lori akamwambia, "Nitakuja kukuchukua na gari yetu. Nafunga tairodi mpya, basi nakuja." Mama alicheka kidogo, akaacha, kwa sababu kucheka kulimuuma.

Tairodi mpya zilikuwapo tayari chini ya kitanda chao. Baba alizitoa kwenye lori bovu, zikakerezwa na fundi wa Tororo mpaka zikakubali gari dogo. Zilikuwa nene kama kifundo cha mkono wangu. Jumamosi alizing'oa zile za zamani. Jumapili hatukwenda kanisani. Jumatatu alifunga mpya, akavuta uzi wa katani kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kila upande, kuona kama magurudumu yanatazama sawa. Yalitazama sawa. Hata mimi niliona.

Kilichobaki ni pini. Nati ya tairodi ina meno kama taji, na pini hupita katikati ya meno hayo ikaingia kwenye tundu la chuma, kisha miguu yake miwili hukunjwa kwa nyundo ili nati isifunguke njiani. Baba alikuwa na sheria moja juu ya pini, na kila mtu aliyewahi kukaa uani kwetu aliijua: ikishakunjwa, kazi imekwisha. Hakuna kuinyoosha na kuirudisha, maana itakatika mbele ya safari. Alikuwa na pini mbili tu. Ya kushoto aliikunja. Ya kulia aliiingiza, akaitazama, akaichomoa.

Jumanne alifungua nati ya kulia, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaifunga tena. Jumatano vivyo hivyo. Wandera, rafiki yake wa upande wa Kenya aliyevuka mpaka kila siku na baiskeli ya kubebea mizigo, alisimama langoni akacheka.

"Egesa! Gari ni moja tu, lakini unalifunga kama unajenga reli ya Mombasa!"

"Kuna mchezo kidogo huku, inalegea-legea," baba akajibu kutoka chini.

"Mchezo uko kwako, ndugu yangu."

Mchana huo taniboi, yaani utingo, wa basi la Tororo aliteremka akiwa na ujumbe. Mama Nafula, ndivyo walivyomwita mama kwa jina langu, anauliza mtakuja lini. Na daktari amesema afadhali mje. Shangazi Nabwire, dada ya baba aliyekuja kutupikia, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi inapita hapa kila asubuhi. Si upande?"

"Nilimwambia nakuja na gari."

"Mgonjwa hapandi usukani, Egesa! Anataka kuona wewe."

Tukasikia spana ikigonga chuma, polepole.

Alhamisi asubuhi alipokwenda kisimani kunawa, nilitambaa chini ya gari. Pini ilikuwa imelala juu ya kitambaa. Nati ilikuwa imekaza, tundu linaonekana wazi kati ya meno mawili. Nikaiingiza pini, nikachukua nyundo, nikaukunja mguu mmoja huku, mwingine kule, kama nilivyomwona akifanya mara nyingi. Nataka mniamini: sikuwa na hasira, wala huruma, wala sikumfikiria mama. Tangu Ijumaa ile kifua changu kilikuwa kimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Nilikuwa nimechoka tu kuona kazi iliyokwisha ikianzishwa tena.

Baba alirudi, akalala chini, akaona.

"Umekunja," alisema.

"Nimekunja."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Alisema tu, "Maji ya kuoga yapo."

Tulikwenda wawili, baba na mimi. Gari lilinyooka kama mstari wa rula. Karibu na Busitema baba alisimamisha akashuka kukagua magurudumu. Hayakuwa na kitu. Aliyazunguka mara mbili, akarudi kuketi, mikono juu ya usukani, injini ikinguruma. Kisha tukaendelea.

Mama alikuwa amepungua hata kitanda kilionekana kikubwa. Aliuliza kama tumekula. Baba alisema gari halikatai tena, naye akasema, "Nimesikia ikiingia." Baba alikaa kwenye sakafu kando yake usiku ule na siku iliyofuata. Jumamosi alfajiri mama akafariki. Kwenye mazishi watu walinishika kichwa wakasema masikini mtoto, nami nilikuwa nikihesabu vifungo vya koti la katekista. Vilikuwa saba, kimoja cha rangi nyingine.

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba baba alikuwa fundi mwangalifu kupita kiasi. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Kisha, nikiwa nimeolewa mbali, ikaja barua kwamba baba amelazwa. Niliweka pasi motoni nipige nguo moja ya safari. Niliipiga, nikaikunja, nikaona mkunjo, nikaikunjua, nikaipiga tena. Basi la kwanza likapita. La pili likapita. Ni pale, nguo ikiwa moto mkononi, nilipojua kwamba tairodi ya kulia haikuwa na mchezo wowote. Mradi gari halijakamilika, mke wake alikuwa bado anangoja kuchukuliwa.

Nilifika siku mbili baadaye. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, ya basi lililoharibika na daraja lililofurika. Baba alinitazama, akaisogeza miguu yake ukutani ili nipate pa kukaa kitandani. Hakuniuliza nilichelewa wapi.