Kitabu Chenye Masizi

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, mwaka niliopewa ufunguo wa kabati la hadithi katika shule yetu, upande wa Mumias. Nilikuwa darasa la saba. Ufunguo niliutia uzi nikauvaa shingoni, na cheo kikanipanda kichwani. Kila aliyetaka kitabu nilimkagua mikono kwanza, viganja na kucha, na vitabu vyangu vilikuwa safi ajabu.

Siku hiyo alikuja Nekesa, binti ya mkata miwa. Shamba lilikuwa limechomwa tayari kwa kukatwa, naye alikuwa amemsaidia babake alfajiri, kwa hiyo mikono yake ilikuwa na masizi yasiyotoka kwa sabuni. Alitaka hadithi ya msichana aliyepotelewa na ng'ombe wa babake. Mwalimu alikuwa ametusomea nusu, na nusu iliyobaki Nekesa angeikosa, maana Jumapili familia yao ilikuwa inahamia Mautuma kulima mahindi. Nilimwambia akaoshe mikono. Akasema ameosha mara tatu. Nikafunga kabati.

"Basi niambie tu," akasema, mikono ameificha nyuma. "Ile ng'ombe ilipatikana?"

Nilimpa mgongo, nikarudi kwenye dawati langu. Wenzangu walidhani ni maringo. Ukweli ni kwamba sikujua. Mwaka mzima nilikuwa nikilinda vitabu na sikuwa nimesoma hata kimoja. Penye miti hapana wajenzi.

Mwalimu Rispa alikuwa pembeni akisahihisha madaftari, na yote aliyasikia. Alingoja darasa litoke. Hakunichapa, ingawa enzi zile fimbo haikuwa mbali. Alikitoa kitabu kile, akapitisha kidole kwenye kingo zake nyeupe.

"Wewe na hiki mmekaa pamoja mwaka mzima na hamjuani," akasema. "Kitabu hakiharibiwi na masizi, kinaharibiwa na kukaa bure. Kesho umpelekee Nekesa, mkisome mpaka mwisho."

Jumamosi nilienda, nimenuna. Niliwakuta wakifunga magodoro. Tuliketi juu ya gunia la nguo, mimi nikisoma kwa sauti, Nekesa akifungua kurasa, na kila ukurasa ukabaki na alama ya kidole chake gumba. Ng'ombe yule alipoitika sauti ya msichana kutoka msituni, Nekesa alilia, nami nikalia. Mama yake akatuletea viazi vitamu upesi akidhani tumegombana.

Sikumwona tena. Jumatatu nilirudisha kitabu kwa woga. Mwalimu alizitazama zile alama, akasema tu, "Sasa kimesomwa." Miaka mingi baadaye shule ilipogawa vitabu vya zamani, nilikiomba hicho, na ninacho hadi leo. Namshukuru mwalimu yule, na Nekesa namshukuru zaidi. Bila wao ningezeeka na ufunguo shingoni na kichwa kitupu.

Sasa mama yako ananiuliza usome hadithi gani likizo hii, kwa kuwa umeingia gredi ya saba. Orodha sina, na hizo za kwenye simu sizijui. Nakwambia hivi: ukiingia maktaba hapa Kakamega, usikimbilie jalada linalong'aa. Tafuta kile kilicholegea, chenye kona zilizokunjwa na doa la chai au la mchuzi wa ingokho, kuku wetu wa nyumbani. Watoto waliokutangulia wamekuchagulia. Kisome mpaka mwisho kabla hujakisifia kwa mtu. Na akija asiye na kitabu, msomee, usimkague mikono. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi wajukuu nilionao wananitosha.

Anza na hiki changu. Mwisho nimeshakuharibia, unisamehe, lakini njia ya kufika huko ni tamu. Ukimaliza kirudishe na alama yako kando ya ile ya Nekesa. Mungu akubariki. Mikono yako isikose kazi, wala isikose kitabu.