Maswali Kumi ya Profesa Okwera

Okwera alikuwa profesa mshiriki kwa miaka kumi na mmoja, na mtu aliyemwita "Profesa" tu, bila kuongeza lile neno la pili, Okwera alimpenda papo hapo. Alifundisha maadili ya tiba katika chuo kikuu kimoja cha Kampala. Hakuwahi kumdunga mtu sindano. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba anayedungwa ameelewa kwa nini anadungwa, na kwa kazi hiyo alikuwa amefika Geneva mara nne na wodini mara mbili, mara ya pili akimtazama shemeji yake.

Jina alilipata kwa maswali kumi. Mgonjwa akitaka kuingia kwenye utafiti wa dawa, anasomewa fomu ya kurasa kumi na tisa, kisha anaulizwa maswali hayo. Akipata manane, ameelewa, anatia dole gumba. Akikosa, anarudi nyumbani bila dawa. Kwingine watu walipata sita au saba. Lakini katika kambi moja ya polisi upande wa Nakawa, walikokuwa wakijaribu dawa mpya ya presha, wake na wajane wa askari walipata kumi kwa kumi. Wote, isipokuwa mmoja. Okwera aliandika makala tatu juu ya akina mama hao, na hakuna hata moja aliyowasomea.

Sasa Dakta Whitney Odera, mtathmini wa nje aliyeombwa na chuo, alikuwa ametoka Nairobi kuja kuona kwa macho yake. Barua ya daktari huyo ndiyo ingemfanya Okwera profesa kamili.

Akina mama walikuwa wameketi kwenye mabenchi, mstari umenyooka kama gwaride. Mmoja wao, Aciro, alisimama mbele, mikono ubavuni. Nabwire, muuguzi wa utafiti, akafungua fomu.

"Sista, leo anzia swali la sita," Odera alisema.

Nabwire akamtazama Okwera kwa wasiwasi. Okwera akatabasamu. Maskini, aliamini maswali yake.

"Anzia popote!"

"Mama, dawa hii inaweza kukudhuru vipi?"

"Ndiyo, sista! Huu ni utafiti, si matibabu ya kawaida!"

"Damu itatolewa kiasi gani?"

"Mwaka mmoja, na naweza kujitoa wakati wowote!"

Benchi la nyuma likaangua kicheko. "Wewe Aciro, wameruka mpaka la sita!" alinong'ona Alal, mjane wa sajini, kwa sauti iliyofika getini.

"Si ulisema yanakuja kwa mstari?" Aciro akalalamika.

"Mnajifunza wapi, mama?" Odera akamuuliza Alal.

"Hapa hapa, daktari. Kila Jumapili. Wakristo wakitoka misa, Waislamu wanatukuta, tunasema pamoja moja mpaka kumi. Aliyekosea anarudia peke yake. Sisi ni watu wa kambi, hatuaibishi mgeni."

Okwera alinyoosha tai yake. "Hiyo pia ni namna ya kuelewa," alisema. "Kuelewa kwa jumuiya."

"Na yule mmoja aliyeshindwa?"

Joska akainuka taratibu. Alikuwa na miaka sitini na miwili, naye alikuwa amepata mawili.

"Alikatiza swali la tatu akauliza la kwake," Nabwire alieleza. "Fomu haina mahali pa swali la mgonjwa. Nikaandika: hajaelewa."

"Bado nauliza," Joska alisema. "Hii dawa ikiharibu figo zangu, na ninyi mmeshafunga utafiti mmeenda, nani atanitibu?"

Okwera aliona njia mbili, na zote zilimtoa jasho. Akikiri kwamba huyu ameelewa, mtihani wake haufai. Akikana, Odera ana masikio.

"Mama, swali lako ni zuri sana," alisema. Ndivyo wasomi wanavyosema wakiwa hawana jibu.

"Asante, mwanangu." Joska alichomoa karatasi ya daftari iliyokunjwa kwenye kitenge. "Nimeandika hapa kwamba ninyi mtanitibu. Tia sahihi."

Okwera alisoma. Akaigeuza, akasoma na upande usioandikwa kitu.

"Hili linahitaji kamati. Na wakili wa chuo."

"Profesa," Odera aliuliza kwa upole, "umeelewa ulichosoma?"

"Nimeelewa kabisa!"

"Basi?"

"Ndiyo maana siwezi kutia sahihi."

Odera aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa.

Barua yake ilikuja baada ya wiki tatu. Cheo kiliahirishwa mpaka fomu iwe na nafasi ya swali la mgonjwa. Okwera hakuchelewa: aliongeza mstari mmoja wa nukta nukta chini kabisa ya ukurasa wa kumi na tisa, akaupeleka kwenye kamati kama mageuzi. Joska akaitwa kuwa wa kwanza kuujaza. Aliandika kwa herufi ndogo, akijibana. Mstari ulimwishia alipofika neno "figo".