Miche Sita Isiyo na Jani

Leo nimechoka, na bora niandike kabla sijaanza kujitetea. Kazi hii ya kutunza bustani ya meneja wa Kizungu hapa Maskati nimeipata kwa shida, na kwa sababu moja tu: nimetoka Unguja, na watu hudhani kila mtu wa Unguja anajua miti. Sikuwakatalia.

Mke wa meneja, aliyepata kukaa Mombasa, alinipa kitabu cha picha nimchagulie miti ya pambo, ya kimo cha kati, isiyomzibia bahari. Nikachagua mepo, mti wa kwao Ulaya, kwa wekundu wa majani yake. Sitaki kumdhulumu: aliniuliza mara mbili kama naijua, na mara mbili nikasema naijua.

Jana iliteremshwa melini miche sita, kimo changu, haina hata jani moja. Mkarafuu ukiwa hivyo umekufa. Nikamwonea huruma bibi wa watu asije akaiona. Nikaikatakata, nikaipeleka nyumbani iwe kuni.

"Bwana we," mke wangu akanambia akikohoa jikoni, "kuni gani hizi? Moshi tu, haziwaki!"

"Puliza," nikamjibu.

Leo asubuhi bibi akaja mbio, kafurahi. "Miche yangu iko wapi?"

"Pole, bibi. Imefika imekufa. Haina majani."

Akacheka. "Haijafa! Kwetu baridi ikiingia hupukutisha majani, ikalala. Nionyeshe."

Nikarudi nyuma hatua moja. Akanisogelea, akanusa.

"Na mbona kanzu yako inanuka moshi?"